Barua ya wazi kwa viongozi wa michezo ya Paralimpiki Afrika Mashariki: mifupa ya wanamichezo wetu msiliachie jua

Kwa viongozi wa kamati za Paralimpiki za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda,
Kwa wizara zinazosimamia michezo na afya,
Kwa madaktari na makocha wa timu za taifa,

Waheshimiwa,

Sisi tunaoandika barua hii ni matabibu, wataalamu wa lishe na wa fiziotherapia tunaowahudumia wanamichezo wenye ulemavu. Ombi letu ni moja. Kabla ya kambi ya timu ya taifa kuanza, kila mwanamichezo mwenye ulemavu apimwe kiwango cha vitamini D katika damu, pamoja na vipimo vichache vinavyoandamana nacho. Atakayekutwa na upungufu atibiwe kwa dozi inayoeleweka, kisha apimwe tena baada ya wiki 12. Ni jambo dogo kwa gharama, ila likifanywa ovyoovyo linaweza kudhuru, ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Tunalijua jibu la kwanza: sisi tunaishi kwenye ikweta, jua tunalo mwaka mzima. Ni kweli tunalo. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, wakakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa kila lita ya damu, kiwango ambacho timu nyingi za Ulaya zingefurahi kukipata. Lakini hao ni watu wanaoshinda nje mchana kutwa. Mwanamichezo wa timu ya taifa hashindi nje.

Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na miale ya urujuanimno ya aina ya B, na miale hiyo hufika ardhini kwa wingi jua linapokuwa juu tu. Kipimo chepesi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko mwili wako, ngozi haipati kitu cha maana. Kwetu kivuli huwa kifupi kuliko mwili kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri hivi. Sasa chukueni ratiba ya kambi yoyote muisome. Mazoezi ya kwanza huanza saa kumi na mbili alfajiri na kwisha kabla ya saa tatu, ya pili huanza saa kumi jioni. Saa zote zenye faida kwa ngozi zimejaa chakula, usingizi wa mchana, masaji na vikao. Makocha wana sababu nzuri ya kupanga hivyo, kwa kuwa joto la mchana linachosha na linaua. Hatuwaombi wabadilishe ratiba. Tunaomba tu isisemwe kwamba mtu aliyefanya mazoezi alfajiri na jioni, amevaa trakisuti ya mikono mirefu, "amepata jua la kutosha". Tena ngozi nyeusi ina melanini inayozuia miale hiyohiyo, kwa hiyo inahitaji muda mrefu mara kadhaa kuliko ngozi nyeupe. Na miale hiyo haipiti kwenye kioo: kukaa dirishani au ndani ya basi hakuhesabiki.

Kisha kuna michezo yenyewe. Unyanyuaji uzani hufanywa ukumbini, mtu amelala kwenye benchi. Voliboli ya kuketi, ambayo iliwapeleka wanawake wa Rwanda Rio mwaka 2016 wakiwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka kusini mwa Sahara katika mchezo huo, huchezwa ndani. Goliboli, bocha na tenisi ya meza ni za ndani pia, na mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu ukichezwa kwa kiwango cha kimataifa ni wa ndani. Hata anayekimbiza kiti chake nje uwanjani ameinama: mgongo umefunikwa na jezi, mapaja yamefunikwa, miguu imefungwa kwa mikanda. Kinachobaki wazi ni uso na mikono.

Mwaka 2016 wataalamu wa kituo cha Nottwil nchini Uswisi walichapisha matokeo ya sampuli za damu za wanamichezo wao bora wanaotumia viti vya magurudumu. Karibu robo tatu ya sampuli zilionyesha upungufu au kiwango kisichotosha. Uswisi si Nairobi wala Dar es Salaam, na hatusemi kwamba idadi hiyo ndiyo yetu. Tunasema sababu nyingi walizozikuta huko, yaani kukaa ndani, mwili kufunikwa, dawa na mwendo mdogo, zipo pia kwetu, na moja tu, majira ya baridi, ndiyo haipo.

Sasa tufike kwenye mifupa, kwa sababu hapo ndipo hasara yenyewe ilipo.

Mtu akiumia uti wa mgongo, mifupa iliyo chini ya jeraha huacha kubeba uzito na kuvutwa na misuli. Huanza kupoteza madini kwa kasi, hasa katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Sehemu inayodhoofika zaidi ni kuzunguka goti: ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi. Hapo ndipo mifupa huvunjika, na haihitaji ajali kubwa. Kuhama kutoka kitini kwenda kitandani kunatosha, au mguu kunaswa chini ya kiti, au mkanda wa fremu ya kurushia tufe kukazwa kupita kiasi, au mtu mwenye nia njema kumkunja goti kwa nguvu wakati wa kumnyoosha. Kwa kuwa hana hisia, mwenyewe hatasikia maumivu. Kocha ataona goti limevimba na lina joto, au mikazo ya misuli ya miguu imeongezeka ghafla bila sababu. Au mwanamichezo atalalamika kwamba kichwa kinamgonga, huku uso umemwiva na jasho linamtoka. Hilo la mwisho, kwa mwenye jeraha kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, ni dharura: shinikizo la damu limepanda kwa sababu mwili umepata habari ya maumivu ambayo haikufika kwenye ubongo. Akalishwe wima, mikanda ilegezwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umeziba, na apelekwe hospitali. Goti lililovimba namna hii huchukuliwa mara nyingi kuwa ni damu iliyoganda au uambukizo wa ngozi, na siku zinapita. Picha ya eksirei ipigwe siku ileile.

Vitamini D inaingiaje hapa? Ikipungua, utumbo hufyonza kalsiamu kidogo. Kalsiamu ya damu ikianza kushuka, tezi ndogo nne zilizo shingoni hutoa homoni ya paradundumio, nayo huichukua kalsiamu mahali pekee ilipo kwa wingi, yaani kwenye mifupa. Kwa mtu mwenye mifupa imara huo ni mkopo. Kwa mwenye paja lililokwisha kupoteza theluthi moja ya madini yake au zaidi, huko ni kubomoa nyumba iliyokwisha kupata nyufa. Vitamini D peke yake hairudishi mfupa uliopotea, na mtu asiwadanganye. Kazi yake ni kuzuia hasara isiongezwe juu ya hasara. Pale mashine ya kupima uzito wa mifupa ilipo, ombeni ipime na eneo la goti. Ikipima nyonga na mgongo peke yake, jibu la mgongo linaweza kuonekana zuri wakati goti limekwisha.

Misuli nayo huathirika. Upungufu mkubwa hudhoofisha misuli ya karibu na kiwiliwili, ya nyonga na ya mabega, na kwa mtumiaji wa kiti bega ndilo linalofanya kazi ya mguu: kusukuma, kujinyanyua, kuhama, kisha mazoezi juu ya hayo yote. Lakini hatuwauzii medali. Nottwil walijaribu kuwapa wanamichezo 20 yuniti 6,000 kwa siku kwa wiki 12. Kiwango cha damu kilipanda vizuri, ila nguvu haikuongezeka kwa namna ya kutangazwa. Anayewaambia kwamba vitamini D inaongeza kasi anataka kuwauzia kopo.

Tunawaomba sana muache kutoa ushauri mmoja kwa watu wote, ule wa "kaeni juani nusu saa kila siku". Kuna makundi mawili ambayo ushauri huo unaweza kuyaumiza vibaya.

La kwanza ni wenye majeraha ya juu ya uti wa mgongo. Chini ya jeraha hawatoki jasho vya kutosha, na wenye jeraha kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake ndio walio hatarini zaidi. Joto hujikusanya mwilini, mtu anaonekana mzima, kisha anaanguka. Isitoshe hawahisi ngozi ikiungua, wala hawahisi kiti cheusi kilichoachwa juani kikiwachoma mapajani. Jeraha dogo la namna hiyo hugeuka kidonda cha mgandamizo, na kidonda cha mgandamizo hufuta msimu mzima.

La pili ni wanamichezo wenye ualbino, ambao wengi wao hushindana katika madaraja ya uoni hafifu. Saratani ya ngozi ndiyo inayowakatisha wengi maisha katika ukanda huu. Ngozi isiyo na melanini hutengeneza vitamini D kwa mwanga mdogo sana, hata ule anaoupata mtu akipita tu kutoka bwenini kwenda bwaloni, kwa hiyo upungufu wao usikisiwe, upimwe. Kipimo kikionyesha upungufu, dawa ni kidonge. Kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kukinga jua vibaki palepale. Krimu hiyo hutengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki, Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC. Bajeti ya kambi isiyo na krimu hiyo haijakamilika, iwe vitamini D inapimwa au haipimwi.

Fomu ya afya ya mwanamichezo ina nafasi ya kuandika dawa anazotumia. Mara nyingi huandikwa "hakuna", au huandikwa kisha hakuna anayezisoma. Fenobarbitali, fenitoini na kabamazepini, dawa za kifafa zinazopatikana zaidi katika vituo vyetu vya afya, huifanya ini ivunje vitamini D haraka. Wanamichezo wenye mtindio wa ubongo au walioumia kichwa ndio wanaozitumia zaidi. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI hufanya vivyo hivyo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo wanawake wengi wa nchi zetu huitegemea, hupunguza uzito wa mifupa kwa njia nyingine kabisa, ya homoni. Kwa mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu hilo ni jambo la kuzungumzwa na daktari wake faraghani, achague mwenyewe akiwa anajua. Hatusemi mtu aache dawa ya kifafa wala ya virusi. Mwenye kuzitumia apimwe mapema zaidi na mara nyingi zaidi, na huenda akahitaji dozi kubwa kuliko mwenzake.

Chakula tukipite haraka, kwa sababu hakitatosha. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo bora cha kalsiamu na wana vitamini D kiasi. Mayai yana kidogo, samaki wa mafuta wana zaidi. Unga wa mahindi na ngano nchini Kenya huongezwa madini ya chuma, zinki, vitamini A na za kundi B kwa mujibu wa sheria, na mafuta ya kupikia huongezwa vitamini A. Vitamini D haimo katika orodha hiyo. Wapishi wa kambi waweke dagaa na maziwa au mtindi kila siku kwa ajili ya kalsiamu, na hapo watakuwa wamefanya sehemu yao.

Maabara ndiko makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo.

Kipimo kinachotakiwa huandikwa kwenye fomu 25(OH)D. Ndicho kinachoonyesha akiba ya mwili. Kuna kingine kinachofanana nacho kwa jina, 1,25(OH)2D, ambacho ni homoni iliyokwisha kukamilishwa na figo. Hiki kinaweza kuwa cha kawaida au hata cha juu wakati akiba imekauka, kwa sababu homoni ya paradundumio huisukuma figo ifanye kazi zaidi. Daktari akikosea kisanduku kwenye fomu, mtu mwenye upungufu mkubwa atarudi na karatasi inayosema yuko salama.

Kosa la pili ni vizio. Maabara nyingine hutoa majibu kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa nanomoli kwa lita. Moja ya kwanza ni sawa na mbili na nusu za pili. Jibu la "45" kwa nanomoli ni 18 kwa nanogramu, yaani upungufu. Likisomwa na mtu aliyezoea nanogramu, linaonekana zuri kabisa na mwanamichezo anaambiwa aende zake. Kwa hiyo timu ichague kizio kimoja na maabara moja, na kizio kiandikwe kando ya kila namba bila kuachwa. Ulizeni pia kama maabara hiyo imo katika mpango wa nje wa kukagua ubora wa kipimo hiki, kwa kuwa mashine za aina tofauti hutofautiana sana. Tofauti kati ya kipimo cha Januari na cha Aprili isije ikawa ni tofauti ya mashine.

Damu ichukuliwe lini? Isichukuliwe mtu akiwa na homa au uambukizo wa mkojo, jambo la kawaida kwa wanaotumia mpira wa mkojo, kwa sababu kiwango hushuka wakati wa uvimbe mkali na jibu litapotosha. Subirini wiki mbili baada ya kupona. Anayemeza vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha aviache siku tatu kabla, kwani huvuruga baadhi ya mashine na kuonyesha kiwango cha uongo kilicho juu. Na tafadhali damu ichukuliwe kambini. Kumbeba mtu ngazi hadi ghorofa ya pili kwa sababu maabara haina lifti ni kumdhalilisha, na ni hatari kwa mapaja tuliyoyazungumzia. Sampuli hii haihitaji haraka: iache igande, izungushwe, majimaji yatengwe, isafirishwe ikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8.

Pamoja nayo pimeni kalsiamu na albumini, fosfeti, homoni ya paradundumio, alikalini fosfatezi na kazi ya figo. Hapo kwenye figo pana mtego. Kreatinini, ambayo hupimwa ili kujua hali ya figo, hutokana na misuli, na mtu ambaye misuli ya miguu imekwisha huwa na kreatinini ndogo hata figo zikiwa zinaharibika. Pale inapowezekana pimeni sistatini C, kipimo cha figo kisichotegemea sana misuli. Kalsiamu nayo ni ya lazima kabla ya dozi yoyote kubwa. Anayekutwa nayo juu, aliyewahi kupata vijiwe vya figo, au mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, asianzishiwe tiba na kocha wala muuguzi wa timu. Aende kwa daktari bingwa. Vijiwe ni hatari ya kweli kwa hawa wetu: wengi hujizuia kunywa maji safarini kwa sababu basi halisimami penye choo wanachoweza kuingia. Mkishughulikia choo, mmeshughulikia na figo.

Majibu yakija, mgawanyo tunaoupendekeza kwa watu wazima ni huu, kwa nanogramu. Aliye chini ya 20 apewe yuniti 50,000 za vitamini D3 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, kisha yuniti 1,500 hadi 2,000 kila siku. Aliye kati ya 20 na 30 apewe yuniti 2,000 kila siku kwa wiki 12. Aliye juu ya 30 aachwe alivyo, au apewe yuniti 1,000 kama anatumia dawa za kifafa au yuko ndani muda wote. Bila usimamizi wa daktari mtu asivuke yuniti 4,000 kwa siku. Kidonge kimezwe pamoja na mlo wenye mafuta, kwa kuwa vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta. Kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo mkavu sehemu kubwa inaweza kupotea. Chagueni D3, si D2: D3 hupandisha kiwango vizuri zaidi, na baadhi ya mashine huihesabu D2 pungufu. Walio chini ya miaka 18 wapangiwe dozi yao na daktari wa watoto.

Msikubali sindano moja kubwa ya yuniti 300,000 au 600,000 eti "imalize kazi". Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Australia ambamo wanawake wazee walipewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka. Walioipata walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Hao hawakuwa wanamichezo, lakini sisi hatuoni sababu ya kuujaribu mkupuo huo kwa mtu ambaye mfupa wake wa paja tayari ni dhaifu.

Kosa linalotutisha zaidi ni la kopo. Kidonge cha yuniti 50,000 ni cha wiki. Kikimezwa kila siku, mtu anapata 350,000 kwa wiki, kalsiamu inapanda, anatapika, anapata kiu na kukojoa kupita kiasi, anachanganyikiwa, na figo zinaumia. Kwa hiyo dawa ya wiki isigawiwe kwa kopo zima. Muuguzi aitoe kila Jumapili baada ya chakula cha mchana na kuweka alama kwenye daftari. Ya kila siku mwanamichezo aweza kukaa nayo, ila kwa asiyeona chombo kitofautishwe kwa mguso: funga mpira mmoja kwenye chombo cha vitamini D, miwili kwenye cha dawa nyingine. Mwenye mikono dhaifu hawezi kufungua kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha, basi ombeni kifuniko cha kawaida. Mwenye ulemavu wa akili amezeshwe na mtu mmoja anayejulikana, si yeyote aliye karibu.

Kuhusu pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni: vitamini D haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, na sindano ya msuli si kosa. Kosa ni dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa katika matibabu halali ya hospitali au kwa kibali cha matibabu. Hatari iko kwenye makopo ya virutubisho yaliyochanganywa na vitu visivyoandikwa. Nunueni dawa iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi, yenye kiambato kimoja tu. Ikibidi kununua kirutubisho, kiwe na muhuri wa Informed Sport au NSF Certified for Sport. Andikeni namba ya toleo la kila boksi, na mwache boksi moja la kila toleo bila kufunguliwa hadi msimu uishe. Sampuli ya mkojo ikileta utata, boksi hilo ndilo litakalopelekwa kupimwa.

Tunajua kuna wataalamu watakaowaonyesha mwongozo wa 2024 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, unaoshauri watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D bila sababu. Tunauheshimu. Hao ni watu wasio na sababu. Jeraha la uti wa mgongo, dawa ya kifafa na mifupa inayopungua ni sababu tosha.

Majibu ni siri ya mwanamichezo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Namba ya vitamini D isiwe kigezo cha kumwacha mtu nje ya kikosi, na hilo liandikwe kabla ya damu kuchukuliwa. Likiachwa bila kuandikwa, watakaoogopa kuachwa watakataa kupimwa, na hao ndio wenye hali mbaya zaidi. Ridhaa itolewe kwa lugha ya alama, kwa nukta nundu au kwa kusomewa, kadiri mtu anavyohitaji.

Mwaka wa fedha wa nchi zetu zote nne huanza Julai, kwa hiyo hesabu hizi ziingie kwenye bajeti mapema. Kwa kikosi cha watu 30, tengeni vipimo 90 kwa mwaka: cha kuanzia, cha baada ya wiki 12, na cha kabla ya kusafiri. Vidonge vya wiki havitazidi 240 hata kama wote wana upungufu. Vidonge vya yuniti 2,000 vya kila siku kwa wiki 44 zinazobaki ni 9,240. Wekeni na fedha za eksirei tano za dharura, na za krimu ya jua.

Michezo ya Paralimpiki ya Los Angeles itaanza tarehe 15 Agosti 2028. Damu ya kwanza ya kikosi hicho ichukuliwe kabla ya Novemba 2027 kwisha, ya pili Februari, ya tatu Mei. Tukianza Mei tutakuwa tumebakiwa na muda wa kutibu tu, bila muda wa kujua kama tiba imefanya kazi. Fomu ya ukurasa mmoja ya kurekodi dawa, vipimo, vizio, dozi na namba za matoleo tumeiandaa, na tuko tayari kuja kambini kuwafundisha wauguzi wa timu namna ya kuijaza.

Wenu,

Kikundi cha matabibu, wataalamu wa lishe na wa fiziotherapia wa michezo ya watu wenye ulemavu